Siku Niliyosoma Kosa Langu kwa Sauti Juani

Ninyi mnaoandika habari za kisiwa chetu kwa vidole gumba viwili mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, kwa kuwa sasa nimestaafu. Machache sijawahi kuyaweza. Bi. Tekla, mhariri aliyenilea, alikuwa akikata nusu ya kila habari yangu na kuniambia nusu iliyobaki ndiyo niliyokuwa nataka kusema. Leo hayupo wa kunikata, kwa hiyo vumilieni.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilikuwa vikubwa na mishahara ilikuwa midogo, na hayo yanatosha.

Nilizaliwa Kirongwe, hapa Mafia, mtoto wa mkwezi wa minazi. Nilivuka kwenda Dar es Salaam na cheti cha darasa la saba na mashati mawili. Nilibeba zege. Niliuza magazeti barabarani, na kabla ya kuyauza niliyasoma yote, hata matangazo ya vifo. Sekondari niliisoma jioni, na stashahada ya uandishi wa habari niliipata katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mheshimiwa aliyeniandikia barua. Stashahada hiyo ipo ukutani kwangu, ndani ya fremu, na mgeni akija namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Mke wangu hulalamika kwamba kiti hicho kinapigwa na jua. Kinapigwa, lakini hakihami.

Siku yangu ya kwanza chumba cha habari nilivaa tai. Bi. Tekla, mama mrefu wa Kagera aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, alinitazama kisha akamwambia katibu muhtasi, "Huyu ama amekuja kuomba kazi ya benki, ama atakuwa mwandishi mzuri." Nilikuwa mwandishi mzuri. Lakini mwezi wa pili nilimwita mwenye duka la dawa mwizi, kumbe mwizi alikuwa mpangaji wake. Habari ilikuwa ukurasa wa kwanza. Nikaandika mistari mitatu ya kusahihisha na kupendekeza iwekwe ukurasa wa kumi na moja, kando ya tangazo la mawigi.

"Kosa lilikaa ukurasa gani?" akaniuliza.

"Wa kwanza, mama."

"Ukimtemea mtu mate usoni, utamfuta mgongoni?"

Sahihisho likakaa ukurasa wa kwanza, na jina langu chini yake. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nilielewa kwamba chuo kilinipa karatasi, na yeye alinipa kazi.

Nilirudi Mafia wakati hifadhi ya bahari ilikuwa bado jambo jipya, watu wakibishana kila baraza kuhusu wapi pa kuvua na wapi marufuku. Nilikuwa mwakilishi wa gazeti, mwenye stashahada, mzaliwa wa hapa hapa. Watatu hao walikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo alitembea Kilindoni kama anayekagua gwaride.

Vifaa vyangu vilikuwa daftari, kinasa sauti cha kaseti, na kamera ya filamu ambayo mlango wake niliufunga kwa plasta ya hospitali. Picha nilizitia kwenye bahasha na kumkabidhi abiria wa ndege ndogo, nikimwapiza kwa jina la mama yake asiisahau kwenye kiti. Habari yenyewe niliisoma kwa simu pale posta, na ile simu ilitaka sauti ya mwadhini. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu waliokuja kupokea barua, na wote walikuwa wanasikiliza.

"Siyo jana, Mwandishi! Ilikuwa juzi!"

"Huyo uliyemtaja si wa Jibondo, ni wa Chole. Jibondo kaoa tu."

"Usiseme 'wananchi walifurahi.' Mimi nilikuwepo na sikufurahi."

Walinikera. Nilikuwa nawageukia na kuwaambia kwamba uandishi una taaluma yake. Kisha namwambia mpokeaji wa Dar es Salaam, "Badilisha hapo, andika juzi." Kwa miaka ile yote sikuwahi kuandikiwa barua moja ya malalamiko kutoka Mafia, na nikadhani ni kwa sababu ya ubora wangu. Ubora ulikuwepo, sikatai. Lakini foleni nayo ilikuwepo.

Kisha ikaja mitandao, gazeti likaacha kulipa wawakilishi wa mbali, nami nikafungua blogu yangu. Nilikuwa wa kwanza kisiwani kufanya hivyo, na aliyedai vinginevyo nilimwomba ushahidi. Sheria ilipotaka leseni ya maudhui ya mtandaoni, nilijaza fomu zote mwenyewe, bila wakala. Mwenzangu katika kazi alikuwa Anitha, mwanamke wa Mwanza aliyekuja Mafia kumfuata mumewe, tabibu. Yeye hakusomea habari. Alisomea uhasibu, na alijua simu janja kama wakwe zangu wanavyojua mwani. Mimi niliandika, yeye alipiga picha, akabandika, na akasoma maoni ya wasomaji, kazi ambayo ingeniua.

Picha yake ya potwe, yule papa mkubwa mpole anayekuja karibu na Kilindoni, ilizunguka dunia nzima. Kuanzia hapo tukaonja utamu wa kuwa wa kwanza. Nitawaambia ukweli: utamu huo ni kama wa tende, ukila moja mkono unarudi wenyewe. Gazetini nilikuwa na siku nzima ya kuiangalia habari. Posta nilikuwa na foleni. Kwenye blogu nilikuwa na kitufe kimoja tu, na kila mara kulikuwa na kijana fulani mahali fulani aliyekuwa anakaribia kubonyeza chake.

Sasa nawapeleka kwenye shauri lenyewe.

Asubuhi moja askari wa doria walikamata mashua ndani ya ghuba ya Chole ikivua kwa juya, ule wavu wa kukokota wenye macho madogo unaozoa hata watoto wa samaki, na ambao ni marufuku. Waliokuwemo waliruka wakakimbilia mikokoni. Mashua ikavutwa hadi Utende bila mtu. Anitha alikuwa huko kwa shughuli zake, akanitumia picha. Namba ilikuwa imefifia, lakini jina lilisomeka vizuri kwenye omo, pale mbele ya chombo: Mwanakheri.

Nikaruka kwenye kiti. Mwanakheri ilikuwa mashua ya Mzee Fadhili wa kisiwa cha Juani. Nilikuwepo ikishushwa majini, nilikula biriani yake. Na Mzee Fadhili hakuwa mvuvi tu. Alikuwa katika kamati ya kijiji ya kulinda bahari. Mtu aliyeyachoma majuya yake mwenyewe mbele ya watu, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi majirani nao wayaache, na wengi wakamfuata kwa shingo upande. Mlinzi amegeuka mwizi! Habari ya namna hiyo humjia mwandishi mara moja katika maisha yake.

Niliiandika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kichwa chake kilikuwa: "Mlinzi wa bahari anaswa na juya." Ndani niliweka neno "imethibitika." Nikampigia Anitha abandike.

"Tumempigia mwenyewe?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mzee. Mwenye mashua."

"Anitha, mimi nimezaliwa hapa. Mashua za kisiwa hiki nazijua kama wanangu."

"Sawa, bosi. Nilikuwa nauliza tu."

Akabandika. Adhuhuri habari ilikuwa kwenye kila simu ya Mafia. Alasiri simu yangu ikalia.

"Shikamoo, Mzee Fadhili."

"Marahaba. Mwandishi, hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, mzee."

"Alhamdulillahi. Mashua yangu umeiona wapi?"

"Mzee, iko Utende. Picha ipo."

"Mwanakheri nimeiuza. Mwaka wa tatu huu. Nimewauzia watu wa ng'ambo, na hati ya mauziano ninayo hapa, ina dole gumba langu na mhuri wa kijiji."

Nilichopata kusema ni cha kijinga kabisa. "Mbona jina halikufutwa?"

"Jina la mashua hufutwa? Wewe mtu wa wapi?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kwetu mashua ikiuzwa huondoka na jina lake, kwa sababu kukifutia chombo jina ni kukiombea mabaya. Mtoto wa Mafia analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mwandishi mgeni, asiyejua mashua ya nani, angeuliza karatasi, na karatasi ingemwambia ukweli. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua. Kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote ila mzaliwa wa hapa mwenye kumbukumbu nzuri, na kumbukumbu yangu ni nzuri sana.

"Diploma yako haikukufunza kupiga simu?" Mzee Fadhili akaendelea, bila kupandisha sauti. "Keshokutwa wananiwekea mkutano. Wanasema mchana nawakataza, nyuma ya kisogo nakokota. Wakiniondoa mimi kwenye kamati, siyo shida, nitalala zaidi. Lakini wale niliowaambia wachome majuya yao watasema niliwadanganya. Wengine wameshaanza kushona mapya."

Alipokata simu nilifungua blogu nikaweka kidole kwenye neno "futa." Nakiri kwenu. Miaka yote ya Bi. Tekla, na kidole kilikuwa hapo. Anitha, aliyekuwa ameshafika kutoka Utende, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unafuta nini, bosi? Watu wameshaipiga skrinishoti. Wewe ndiye utakayebaki bila nakala ya kosa lako."

Nikampigia tena Mzee Fadhili kumwambia naiondoa habari, nikidhani namfanyia wema.

"Usithubutu," akasema. "Ukifuta, watasema nimekuhonga."

Basi tukaiacha. Juu yake, kwa herufi zile zile kubwa, tukaandika kwamba habari si ya kweli, kwamba mashua iliuzwa, na kwamba aliyekosea ni mimi, kwa jina langu kamili. Anitha aliisambaza kila alikosambaza ile ya kwanza. Walioisoma walikuwa wachache. Uongo huenda na gari. Sahihisho hulifuata kwa miguu, tena limevaa viatu vya kuazima.

Jioni ile nilikaa nikawaza kosa limekaa wapi hasa. Kwenye gazeti ningejibu haraka: ukurasa wa kwanza. Lakini Juani wenye simu janja na bando walikuwa wa kuhesabika. Wengine wote walisikia kwa mdomo, kisimani na kwenye mwani. Kosa halikuwa kwenye blogu tena. Lilikuwa Juani, na huko ndiko nilikotakiwa kulifuata.

Siku ya mkutano nilivaa tai. Nilipanda boti Utende maji yakiwa bado yamejaa, nikiwa na sahihisho nililolipiga chapa, na karatasi nyingine ya hotuba fupi nzuri yenye maneno kama "weledi" na "uwajibikaji." Mkutano ulikuwa ndani ya darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mzee Fadhili alikuwa amekaa mbele, hati yake ndani ya mfuko wa plastiki mapajani. Hakunitazama.

Mwenyekiti wa kijiji akanipa nafasi. Nikasimama, nikaanza kusoma sahihisho.

"Sauti! Huku nyuma hatusikii!"

Nikaanza upya.

"Ngoja," akasema mama mmoja aliyekuwa mlangoni, mkulima wa mwani, mikono ingali na chumvi. "Unasahihisha nini? Sisi wengine hatukusoma. Tulisikia tu kwamba Fadhili kakamatwa. Soma kwanza ulichoandika."

"Mama, hicho ndicho ninachokisahihisha."

"Ndiyo nasema ukisome."

Darasa zima likaitikia. Kisome! Mwenyekiti akanyoosha mikono kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kufuata wengi. Nikatoa simu, nikatafuta habari yangu, nikaisoma kwa sauti mbele ya yule niliyemwandika na jirani zake wote. "Mlinzi wa bahari anaswa na juya." Asubuhi ile ya chai kichwa hicho kilinipendeza hata nikakirudia mdomoni mara mbili. Mle darasani kila neno lilitoka kama mwiba wa samaki. Hakuna aliyecheka. Nilipofika kwenye "imethibitika," yule mama akanisimamisha.

"Hapo. Ulithibitisha kwa nani?"

Kuna majibu ya kitaaluma kwa swali hilo. Ninayajua matatu. Nikasema, "Kwa nafsi yangu."

Ndipo wakacheka, kicheko kirefu, na kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Shahidi mzuri huyo, hakosi mkutanoni!"

Nikaachana na hotuba. Nikawaambia kwa mdomo tu: niliona jina, nikalikumbuka, sikuuliza. Mzee Fadhili hakukamatwa, hakuwemo, na mashua si yake. Nikasoma sahihisho hadi mwisho. Mwenyekiti akaomba hati ya mauziano, akasoma tarehe na majina kwa sauti, hati ikapitishwa dawati kwa dawati, kila mtu akiugusa mhuri. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika mkutano kwa maneno makali kabla sijafika akauliza swali moja tu: "Huyu amelipwa na nani kuja hapa?"

"Nimejilipia boti mwenyewe," nikasema. "Na nimetukanwa bure."

Mwenyekiti akaita wanaotaka Mzee Fadhili aondoke kwenye kamati wanyooshe mikono. Mikono ikabaki mapajani. Akaita wanaotaka abaki. Mikono ikanyooka darasa zima. Nikakaa kwenye dawati la mtoto bila kuombwa.

Watu walipokuwa wanatoka, Mzee Fadhili alinijia. Nilitegemea mkono, au tusi. Alinyoosha kiganja.

"Hiyo karatasi nipe."

Nikampa sahihisho. Alilikunja mara nne, akalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati, akaufunga kwa raba.

"Aliyeuza mashua anahitaji karatasi," akasema. "Na aliyesingiziwa naye anahitaji yake. Haya, maji yanatoka. Nenda kabla boti haijakaa kwenye matope, nisije nikalazimika kukukaribisha chakula."

Nimepata tuzo kadhaa katika kazi hii, na mkitaka kuziona njooni nyumbani. Siku ile nilivuka kurudi Utende nikiwa mwepesi kuliko siku yoyote ya tuzo. Sikuwa nimeshinda kitu. Lakini Juani mtu alikuwa anaenda kulala na jina lake, na majuya mapya yaliyoanza kushonwa, kama nilivyosikia baadaye, yaliishia kuwa vizuizi vya kuku.

Baada ya hapo tulibadili utaratibu wetu. Kila habari inayomtaja mtu kwa ubaya, Anitha au mimi tunampigia na kumsomea kabla haijatoka. Chuo kilinifundisha kwamba habari haonyeshwi mhusika. Chuo kina sababu zake, na mhusika akitaka kubadilisha ukweli hatumkubalii. Lakini chuo hakikuwa na foleni ya posta nyuma yake. Kuna habari tuliwahiwa kwa sababu hiyo, na watu wa blogu nyingine wakatucheka. Tuliwaacha wacheke, baadhi yao tuliwasaidia baadaye kuandika masahihisho.

Na kuna jambo ambalo nyie vijana hamtaki kulisikia: siku ile aliyekuwa na weledi kati yetu hakuwa mwenye stashahada. Alikuwa mhasibu wa Mwanza aliyeuliza swali la maneno mawili. Nilipostaafu, blogu nilimwachia yeye, leseni na kila kitu. Ameondoa picha yangu iliyokuwa juu ya ukurasa. Anasema ilikuwa inachelewesha kufunguka.

Juzi nilikuwa sokoni Kilindoni nachagua changu wa kukaanga, akaja mtu ninayemfahamu, amenyoosha simu yake usoni mwangu.

"Mwandishi! Mashua imekamatwa huko Ras Mkumbi. Wewe unazijua zote. Hebu tazama, ya nani hii?"

Nikatazama. Jina nililisoma mara moja, na kichwani mwangu likaja jina la mtu, na baba yake, na siku ilipojengwa.

"Sijui," nikamwambia.

"Wewe? Hujui?"

"Sijui. Mpigie Anitha, atamuuliza mwenyewe."

Akanitazama kama aliyeambiwa sijui njia ya kwetu Kirongwe. Mimi nikageukia samaki wangu, nikamwambia muuzaji anikatie vipande vinne, na nikarudi nyumbani bila haraka yoyote.